Matunda Nyuma ya Nyumba: Mwongozo kwa Mwenye Kiwanja cha Pwani

Nyumba ikishaisha, choo kikachimbwa na ukuta ukapanda, nyuma hubaki kipande cha mita kumi hivi kwa ishirini, kimejaa vifusi na magugu. Hapo ndipo miche huanza kuingia ovyo: mmoja umenunuliwa barabarani kwa kuwa ulipendeza, mwingine ni zawadi ya shemeji, wa tatu ni kokwa la embe lililojiotea karibu na jalala. Baada ya miaka mitano uwanja umekuwa kichaka. Kivuli tele, mbu tele, matunda hakuna.

Ninaandika kwa mkazi wa ukanda wa Pwani, kutoka Lamu hadi Mtwara, pamoja na Unguja na Pemba. Ushauri wa matunda usiotaja mahali haumfai mtu: kinachozaa vizuri Njombe huweza kusimama miaka kumi Kigamboni bila kutoa hata ua. Na ushauri wangu mkubwa ni huu: panda miti michache kuliko unavyotamani, kisha nguvu zako zote zielekeze kwenye maji ya mwaka wa kwanza. Makosa mengine mengi yanarekebishika.

Nini kipandwe

Usianzie kwa muuza miche. Anzia jikoni kwako. Nyumba hii hununua matunda gani kila wiki? Watoto wanakula stafeli au wanalionja tu? Ndimu mnatumia ngapi kwa mwezi? Nyumba nyingi za Pwani hazipitishi siku bila ndimu au limau, lakini mti huo ndio husahauliwa kwanza, kwa sababu kila mtu akili yake imeenda kwenye embe.

Halafu tazama misimu. Embe huja kwa kishindo kuanzia Novemba hadi Februari, na wakati huo hata jirani hakuombi, maana naye anazo. Machungwa ya Muheza hufurika sokoni kuanzia katikati ya mwaka. Papai na limau ukivitunza kwa maji huzaa takriban mwaka mzima. Kwa hiyo miembe mitatu katika kiwanja kimoja ni kujaza ndoo miezi minne na kukaa mikono mitupu miezi minane. Mwembe mmoja, pamoja na aina nyingine nne au tano, hukupa tunda la kuchuma karibu kila mwezi.

Kuhusu tufaha, peasi na plamu: hivyo ni vya Lushoto na nyanda nyingine za juu ambako miti hupata baridi ya kuiamsha itoe maua. Anayekuuzia mche wa tufaha hilo la dukani ukaupande Bagamoyo anakuuzia pambo. Parachichi aina ya Hass nayo ni ya mwinuko; Rungwe, Njombe na Murang'a ndiko kwao. Ukitaka parachichi huku chini tafuta mti wa kienyeji uliokwisha kuzaa mtaani kwako, ukachukue vikonyo vyake vya kubebesha, yaani kuunganisha juu ya shina la mche mwingine.

Hiyo ndiyo kanuni yangu kwa jumla: tembea mtaani. Mti unaozaa kwa jirani, kwenye udongo kama wako na maji kama yako, una ushahidi kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Hesabu ya nafasi

Mwembe wa kubebeshwa hudai mita 8 hadi 10 ukiachwa ujitanue. Ukiupogoa kila mwaka bila huruma unaweza kuubana hadi mita 6. Mchungwa na mchenza mita 5 hadi 6, mndimu pungufu kidogo. Mstafeli na mpera mita 4 hadi 5. Mpapai mita mbili na nusu. Mfenesi na mzambarau waachie wenye mashamba, maana hiyo ni miti ya mita 10 na kuendelea, na fenesi likidondoka juu ya bati la jirani hamtabaki marafiki.

Kwa kipande cha mita 10 kwa 20, mimi ningeweka mwembe mmoja, mchungwa mmoja, mndimu mmoja, mstafeli mmoja, mpera mmoja, na mipapai minne ya kujaza mapengo wakati miti mikubwa bado midogo. Ni tisa tu. Utakapoipanda itaonekana kama umeutupa uwanja. Vumilia. Nafasi iliyo wazi panda kunde au mchicha mwaka wa kwanza na wa pili, na nanasi pembezoni.

Mwembe uwe mbali na nyumba, angalau mita 4 kutoka ukutani, na usiwe chini ya nyaya za umeme. Mndimu uwe hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Mti wowote wa mizizi mikubwa uwe mbali na shimo la choo na mabomba. Na kabla ya kuchagua mahali pa shimo, kumbuka mafundi walichanganyia wapi zege: udongo ulioloweshwa saruji na chokaa huugeuza mche manjano hata ukiulisha samadi ya ng'ombe wote wa kijiji. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, ambayo Unguja na sehemu za Kwale na Kilifi inajulikana vizuri, tatizo ni hilohilo kwa asili: majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, dalili kwamba mti unakosa madini ya chuma ingawa yamo ardhini. Hapo shimo liwe pana zaidi, mawe yatolewe, na mboji iongezwe kila mwaka.

Maji kwanza

Onja maji ya kisima chako. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi hiyo haiui mti kwa siku moja: huanza kwa kuunguza ncha za majani, kisha kingo, kisha mti unadumaa. Parachichi ndiyo dhaifu kuliko yote, na jamii ya machungwa haiko mbali nayo. Mpera na mkomamanga huvumilia zaidi, na mnazi hauna shida. Kama kisima chako ni cha chumvi na bado unataka mchungwa, kinga maji ya mvua. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 tu hutoa lita zinazokaribia 1,000, na mvua ya namna hiyo wakati wa masika ni ya kawaida kabisa.

Kisha pima udongo unavyopitisha maji. Chimba shimo la kina cha goti, lijaze maji, lipotee, ulijaze tena. Kama kesho yake bado kuna maji, hapo usipande mpapai wala parachichi. Mizizi yake huoza upesi ikisimamiwa na maji. Inua tuta la nusu mita uupande juu yake, au mpe mgomba nafasi hiyo.

Kununua mche

Mche wa mbegu au wa kubebeshwa? Kwa embe na chungwa jibu ni kubebeshwa. Mwembe wa kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Wa kokwa huweza kuchukua miaka sita, minane au zaidi, na mara nyingi huwezi kuwa na hakika tunda litakuwaje. Ndimu, papai na stafeli waweza kuanzia kwenye mbegu bila majuto makubwa.

Ukifika kitaluni usivutwe na mche mrefu. Tazama kwanza kiungo, mahali kikonyo kilipoungana na shina. Kiwe kimefunga vizuri, kiko juu ya udongo kiasi cha shibiri moja, na kisiwe kimevimba upande mmoja na chembamba upande wa pili. Kama nailoni ya kufungia bado ipo na imeanza kuzama ndani ya ganda, mche huo umeanza kunyongwa. Geuza kiriba: mizizi iliyotoboa chini na kujizungusha ina maana mche umekaa kitaluni muda mrefu mno. Chunguza upande wa chini wa majani kama kuna vidung'ata au utando mweupe wa wadudu; ukipeleka huo nyumbani umepeleka na wageni wake.

Muulize muuzaji maswali mawili. Kikonyo kilitoka kwenye mti gani? Na shina la chini ni la nini? Kwa machungwa, shina lililozoeleka huku ni limau kali. Muuza miche wa kweli atajibu papo hapo na huenda akakuonyesha mti mama. Anayejibu kwamba miche yote ni "ya kisasa" mpungie mkono. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI kwa Tanzania, kituo cha KALRO cha Mtwapa kwa Kenya na kituo cha utafiti cha Kizimbani Unguja ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza miche na aina zinazofaa eneo lako.

Katika embe, Dodo, Bolibo na Sindano zina ladha ambayo watu wa huku wameizoea; Ngowe na embe Apple ndizo zinazopendwa upande wa Kenya. Aina za kusafirisha nje kama Kent, Keitt na Tommy Atkins huvumilia safari, lakini wewe husafirishi popote. Unachuma na kula. Chagua utamu.

Shimo na siku ya kupanda

Chimba kiangazi, wiki tatu au nne kabla ya mvua. Sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini zinatosha. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri, rudisha shimoni, na ule wa chini utumie kutengeneza kingo za bakuli la kushikia maji. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa. Ya kuku ina nguvu zaidi, hivyo nusu ya kipimo hicho inatosha. Jaza hadi shimo liwe na kichuguu, kwa sababu litashuka.

Panda masika yanapoanza, Machi au mwanzo wa Aprili. Mtwara na Lindi, ambako mvua ni msimu mmoja, panda Desemba. Fanya kazi hiyo jioni. Chana kiriba kwa wembe, usivute mche kwa shina lake. Udongo wa mche uwe sawa na usawa wa ardhi na kiungo kibaki wazi juu. Kiungo kikifukiwa, kikonyo huota mizizi yake chenyewe na faida ya lile shina imara imepotea. Shindilia kwa mikono, mwagia debe zima la maji hata kama mvua inanyesha, simika mambo la kuuegemeza, na ukinge na makuti upande wa magharibi kwa wiki za mwanzo. Kama kuna mbuzi mtaani, zungushia wavu siku hiyohiyo. Usingoje kesho.

Mpapai una utaratibu wake. Panda miche mitatu katika kila shimo, kwa sababu kwa aina nyingi mche hauonyeshi kama ni dume au jike mpaka utoe maua. Dume hutoa maua madogo kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Jike hubana ua nene karibu na shina. Yakishajitokeza, bakiza jike moja katika kila shimo na uache dume moja uwanjani, au usiache hata moja ikiwa jirani analo.

Mwaka wa kwanza

Mche uliopandwa Machi hukutana na ukavu mara mbili kabla haujatimiza mwaka: Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari, jua la kaskazi linapochoma. Huu wa pili ndio muuaji, kwa sababu kufikia hapo mwenye nyumba amekwisha kuamini kwamba mti umeshika.

Mwagia kwa wingi mara chache, badala ya kidogo kila siku. Lita 15 hadi 20 kwa mche mara mbili kwa wiki huzamisha maji na kuifanya mizizi iyafuate chini. Kikombe cha kila jioni hulowesha vumbi tu na kuifundisha mizizi kukaa juu. Ukiwa mtu wa safari, fukia mtungi wa udongo usiopakwa rangi nusu mita kutoka kwenye mche, ujaze maji, ufunike. Maji huchuja taratibu siku kadhaa. Anayekosa mtungi atumie dumu la lita 5 lililotobolewa kitundu cha sindano.

Tandaza majani makavu, maganda ya nazi au nyasi kwa unene wa kiganja, duara la mita moja, lakini usiyasogeze hadi kwenye shina. Acha pengo la vidole vinne ili ganda lisioze na mchwa wasipate daraja. Kuku watayafukua matandazo hayo kila asubuhi. Mawe machache pembeni husaidia, kuwafungia husaidia zaidi.

Kila mwezi pita na kisu ukate chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo. Watu hulalamika kwamba waliuziwa chungwa na sasa wanavuna malimau makali. Mara nyingi hawakudanganywa. Shina la chini lilichipua, kwa kuwa lina nguvu zaidi likaupita mchungwa wenyewe, mchungwa ukafa kimyakimya, na mwenye nyumba akaendelea kumwagilia mlimau.

Kwa miti ya kubebeshwa, maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yaondoe. Inauma, lakini mche wa urefu wa kiuno ukibeba embe tano hutumia kwenye matunda nguvu uliyohitaji kujenga matawi. Na ukifika mita moja hivi, ukate ncha yake ili utoe matawi matatu au manne kuelekea pande tofauti. Mwembe usiokatwa ncha hukimbilia juu, na embe za juu ni za popo.

Inzi na majimoto

Adui mkubwa wa embe na mapera huku ni inzi wa matunda, hasa yule mgeni kutoka Asia anayeitwa kitaalamu Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kusambaa Afrika kwa kasi. Jike hutoboa tunda linapokaribia kukomaa na kutaga ndani. Funza hula, tunda hudondoka, funza hutoka na kuingia ardhini sentimita chache tu, na baadaye hutoka inzi wapya. Kwa hiyo vita vyako viko chini ya mti. Okota kila tunda lililodondoka, kila siku wakati wa msimu, litie kwenye mfuko wa plastiki mweusi, funga, uache juani mpaka funza waliomo wafe. Kuyatupa jalalani nyuma ya ukuta ni kuwafuga. Mitego yenye kivutio cha methili yujino, inayopatikana katika maduka ya pembejeo, hunasa madume tu. Husaidia kupunguza, lakini haichukui nafasi ya kuokota. Mapera yavalishe bahasha za kaki yakiwa bado madogo na magumu.

Msaidizi wako bora anauma. Majimoto, wale siafu wa rangi ya kahawia nyekundu wanaoshona majani kuwa viota, huwinda wadudu juu ya miti usiku na mchana, na inzi huogopa kutaga mahali wanapopita. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Michael Way aliwachunguza Unguja katika mapambano dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa. Mdudu huyo leo ana jina lake, Pseudotheraptus wayi. Kuwahamishia kwako ni rahisi: jioni kata viota kadhaa vya kundi moja, vitie gunia, uvitundike kwenye mwembe wako, na ufunge kamba kutoka mti hadi mti ziwe barabara zao. Usichanganye viota vya makundi mawili, watauana. Angalia pia wale sisimizi wadogo wa kahawia wanaokaa ardhini kwenye shina. Ni maadui wa majimoto na huweza kuwafukuza kabisa. Siku ya kuchuma, jipake majivu mikononi na miguuni. Kwenye mchungwa na mndimu mimi siwapeleki, kwani huko huwalinda vidung'ata kwa ajili ya utomvu wao mtamu.

Maua ya mwembe yakianza kufunikwa na unga mweupe huo ni ubwiri unga, na vitunda vitapukutika vyote usipofanya kitu. Dawa ya salfa, ikipigwa asubuhi mapema maua yanapoanza kufunguka na kurudiwa kwa kipimo cha kwenye kopo, hutosha. Madoa meusi kwenye maua na matunda wakati wa mvua ni chule. Hapo kazi ni kupogoa ndani ya mti upenye upepo.

Upogoaji huo ufanye mara baada ya mavuno, Februari au Machi, si wakati mwingine, kwa sababu mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa na ukiyakata Mei umekata embe za Desemba. Ondoa matawi yaliyokufa, yanayosuguana na yanayoelekea katikati, kisha shusha kimo hadi pale mkono na upondo mfupi vinapofika. Samadi madebe mawili au matatu itandaze chini ya ncha za matawi, siyo kwenye shina: mizizi inayokula iko huko nje.

Kufikia mwaka wa nne mipapai yako minne itakuwa mirefu, myembamba juu, na mapapai yamepungua ukubwa. Matawi ya mwembe nayo yatakuwa yameanza kuigusa. Ikate, katakata mashina uyaache yaozee palepale chini ya mwembe, na usipande mingine.